Tusipimane kwa Koti la Krismasi

Kila ifikapo juma la tatu la Desemba, vituo vya mabasi mjini Nairobi hufurika watu na mizigo kana kwamba mji mzima unahama. Nauli hupanda, na walalamikao hulipa vivyo hivyo, kwa maana kila mtu ana haraka ya kufika kwao kabla ya tarehe 25. Ukiichunguza mizigo hiyo utaona kwamba mingi ni mavazi: gauni la mtoto lenye riboni, viatu ndani ya sanduku la karatasi, suti iliyotundikwa dirishani mwa basi ili isipate mikunjo. Mwenye uwezo amenunua dukani. Asiye na uwezo amechagua kwa subira katika mitumba ya Gikomba, kisha akampelekea fundi aipunguze kiuno. Wote wana shabaha moja, nayo ni kuonekana asubuhi ya Krismasi.

Sina ugomvi na nguo mpya. Mtoto anayepata nguo mara moja kwa mwaka ana haki ya kuirukia kwa furaha, na mzazi aliyejinyima ili mwanawe avae ana sababu ya kutabasamu. Neno langu leo lahusu jambo jingine, yaani ile desturi yetu ya kulifanya vazi kuwa mizani ya kumpimia mtu, na kuipeleka mizani hiyo hadi ndani ya nyumba ya Mungu, katika siku ile ile tunayoadhimisha kuzaliwa kwa Mtoto aliyelazwa horini. Nalisema hili nikiwa shahidi, na pia nikiwa mshtakiwa.

Mwaka ulikuwa 1997. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mbali na kwetu. Wasomaji waliokuwa wakishika chaki wakati huo watakumbuka kwamba mwezi wa Oktoba mwaka huo walimu waligoma nchini kote, na mgomo ukaisha kwa ahadi ya nyongeza kubwa ya mishahara ambayo ingelipwa kwa awamu. Uchaguzi mkuu nao ulikuwa umepangwa kufanywa tarehe 29 Desemba. Basi matumaini yalikuwa mengi kuliko fedha. Nami, kama wenzangu wengi, nilianza kuzitumia shilingi kabla hazijafika. Nilichukua mkopo katika chama chetu cha ushirika, nikajishonea suti ya rangi ya kijivu, nikanunua viatu vyeusi vyenye ncha, kisha nikamwomba shemeji yangu aniazime gari lake kwa siku nne. Nilikuwa sijawahi kufika kwetu kwa gari langu mwenyewe. Mwaka huo pia sikufika kwa gari langu, lakini hapana aliyelijua hilo, nami sikumweleza mtu.

Kwetu ni huko Magharibi, katika mashamba yaliyo karibu na Kakamega. Mvua za El Nino zilikuwa zikinyesha tangu Oktoba, na barabara za mashambani zilikuwa zimegeuka uji. Asubuhi ya Krismasi, ambayo ilikuwa siku ya Alhamisi, nililiendesha gari polepole hadi kanisani, nikaliegesha mahali ambapo kila aingiaye angeliona.

Kanisa lilikuwa limejaa. Nilisimama mlangoni nikivipangusa viatu kwa leso, na hapo mzee mmoja wa kanisa akaniona. "Mwalimu, karibu mbele," aliniambia, akanishika mkono. Katika benchi la kwanza hapakuwa na nafasi. Mzee akamwinamia ajuza mmoja aliyekuwa ameketi pembeni kabisa, akamnong'oneza. Ajuza akainuka pasipo neno, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akaenda nyuma. Nikaketi. Mahali nilipoketi palikuwa bado na joto lake.

Nilimfahamu. Tulimwita Kukhu, yaani nyanya, kama tulivyowaita wanawake wote wa umri wake. Alikuwa mjane. Tangu nilipokuwa mtoto, kila Jumamosi ndiye aliyelifagia kanisa lile, na kabla halijatiwa saruji ndiye aliyeisiriba sakafu yake kwa kinyesi cha ng'ombe. Hakulipwa wala hakutangazwa. Asubuhi ile alikuwa amekuja miguu mitupu kwa sababu ya matope, naye alikuwa amezipangusa nyayo zake kwa majani pale mlangoni asije akaichafua sakafu aliyoifagia mwenyewe. Wakati wa matangazo nilitambulishwa mbele ya waumini, nao wakanipigia makofi. Kukhu hakutambulishwa.

Baada ya ibada alinijia pale penye gari. Nilidhani amekuja kunilaumu, au kuniomba fedha, maana siku zile za kampeni watu walikuwa wamezoea kuomba na kupewa. Badala yake alinipa mayai manne yaliyofungwa katika kitambaa. "Wapelekee watoto, mwanangu," alisema. "Umekuja kutoka mbali." Nilimshukuru, kisha kwa adabu tu nikamwuliza habari za mjukuu wake, kwa kuwa nilijua anaishi na mvulana aliyekuwa amemaliza darasa la nane mwaka huo.

"Amebaki nyumbani," akanijibu. "Hana nguo ila sare ya shule. Ameona haya kuvaa sare siku ya Krismasi."

Laiti hadithi ingeishia hapo! Nilipokuwa nikirudi, gari lilizama katika matope mita chache kutoka bomani kwa Kukhu. Nilikanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka bure. Vijana waliokuwa wakipita na nguo zao za Krismasi walisimama mbali wakatazama, nami siwalaumu. Aliyetoka mbio ni yule mvulana, amevaa kaptura na shati la shule, akaweka bega nyuma ya gari akasukuma kwa nguvu zake zote. Gari likatoka. Nilipotazama nyuma, alikuwa ametapakaa matope tangu kichwani hadi miguuni. Na ile ndiyo nguo pekee aliyokuwa nayo. Nilimpa shilingi 20 kupitia dirishani, nikaenda zangu, maana niliogopa nikisimama ningezama tena, na niliogopa pia kulichafua koti langu.

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siku ile mimi ndimi niliyekuwa mkakasi. Koti lilikuwa la deni, gari lilikuwa la kuazima, na kiti nilikuwa nimempokonya mwenyewe.

Nimeisimulia aibu hii kwa kirefu kwa sababu sisi walimu tunayo sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Sare ya shule, pamoja na gharama yake yote, ilikusudiwa kuwasitiri watoto, ili mwana wa mwenye duka na mwana wa kibarua waketi dawati moja pasiwe na wa kumcheka mwenzake. Haifanikiwi kila mara, kwa kuwa sare mpya na sare yenye viraka ni vitu viwili mbalimbali. Hata hivyo nia yake ni njema. Kisha shule hufungwa, na ile stara huondolewa. Likizo ya Desemba ni ndefu, na katika likizo hiyo ndipo mtoto anapofahamu barabara jinsi jirani wanavyolitazama boma la kwao. Mwanafunzi aliyeshika nafasi ya kwanza darasani mwezi wa Oktoba hujificha nyuma ya nyumba mwezi wa Desemba, kwa kuwa hana viatu vya kuendea kanisani. Hapana mtihani unaoyapima maumivu hayo.

Aibu yangu ilizidi nilipousoma upya Waraka wa Yakobo. Katika sura ya pili, mwandishi anatoa mfano wa watu wawili wanaoingia katika kusanyiko la waumini. Mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, naye anaonyeshwa mahali pa heshima. Mwingine ni maskini mwenye nguo chafu, naye anaambiwa asimame kando au aketi chini. Yakobo halichukulii jambo hilo kuwa upungufu mdogo wa adabu. Anasema waziwazi kwamba kupendelea watu kwa namna hiyo ni dhambi. Mfano ule uliandikwa karne nyingi kabla ya kanisa letu kujengwa, lakini mimi na yule mzee tuliuigiza hatua kwa hatua, kama waigizaji waliokariri vyema sehemu zao.

Tena hebu tuufikirie mji wenyewe wa Bethlehemu. Kabla haujawa mji wa Krismasi, ulikuwa mji wa Yese na wanawe. Nabii Samweli alipofika huko kumtafuta mfalme, alivutiwa mara moja na mzaliwa wa kwanza, Eliabu, kwa sura yake na kimo chake. Mungu akamwonya asitazame hayo, kwa kuwa yeye Mungu huutazama moyo. Wana saba wakapitishwa mbele ya nabii, na hapana aliyechaguliwa. Ikabidi Samweli aulize kama wamekwisha wote, ndipo baba yao akakumbuka kwamba yuko mmoja zaidi, mdogo wao, aliyeachwa machungani na kondoo. Mpaka hapo hapana aliyeona haja ya kumwita. Kila niisomapo habari hiyo, namwona mvulana wa Kukhu, aliyebaki nyumbani wakati sisi wengine tukipitishwa mbele.

Na Yesu alipozaliwa katika mji huo huo, waliopewa habari kwanza walikuwa wachungaji waliokesha usiku makondeni. Injili ya Luka inaongeza jambo dogo ambalo wengi wetu hulipita haraka. Wazazi wake walipompeleka hekaluni, sadaka iliyotolewa ilikuwa ile ya njiwa. Katika sheria ya Walawi, mwanamke aliyejifungua alitakiwa kutoa mwana-kondoo pamoja na ndege mmoja. Ndege wawili walikubaliwa kwa mwanamke asiyemudu mwana-kondoo. Maana yake ni kwamba Mariamu alisimama mlangoni pa hekalu mbele ya watu, na kila aliyeitazama sadaka yake aliweza kujua kwamba huyu ni maskini. Kama mzee wetu wa kanisa angalikuwa zamu siku ile, nahofia angempeleka nyuma.

Huenda msomaji akauliza desturi hii ya kuiunganisha dini na mavazi ilitoka wapi. Kwa sehemu ni udhaifu wa binadamu wote. Lakini hapa kwetu ina historia yake pia. Misheni zilipoenea bara mwanzoni mwa karne ya 20, imani, shule na shati viliwafikia watu kwa mkono mmoja. Wakikuyu waliwaita Wakristo wa kwanza athomi, na Wajaluo wakawaita josomo, yaani wasomaji. Huko Nyanza walipata na jina jingine, jonanga, maana yake watu wa nguo. Si ajabu, basi, kwamba shati lilihesabiwa kuwa ushahidi wa uongofu. Shati lilionekana, ilhali moyo hauonekani. Na mwalimu wa shule, akiwa msomaji na mtu wa nguo kwa pamoja, alitengewa benchi la mbele. Benchi hilo nimelirithi mimi.

Hata hivyo, habari za misheni za Kiprotestanti katika nchi hii hazianzi na watu wa nguo. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844. Katika mwaka huo huo alimzika mkewe pamoja na mtoto wao mchanga. Mwenzake, Johannes Rebmann, alimfuata mwaka 1846, nao wakaanzisha kituo chao huko Rabai. Walihubiri kwa miaka kadhaa pasipo kupata mfuasi. Mtu wa kwanza kuipokea imani yao aliitwa Mringe, naye alikuwa mlemavu, mtu ambaye kwa vipimo vya ulimwengu hakuwa na cha kujivunia. Akabatizwa akiwa karibu kufa. Ningependa kila mwanafunzi anayesoma historia ya Ukristo nchini alikumbuke jina hilo pamoja na yale ya wamishonari. Tawi hilo zima la kanisa nchini mwetu, pamoja na suti zake na magari yake, liliota kutoka kwa mtu asiyeweza kupendeza macho ya mtu yeyote.

Hata yule Baba Krismasi mwenye joho jekundu anayesimama milangoni mwa maduka makubwa ana asili tofauti na tunavyodhani. Jina lake lina mizizi kwa Nikolao, askofu wa Myra katika nchi tunayoiita leo Uturuki, aliyeishi katika karne ya 4. Hekaya yasimulia kwamba aliwasaidia binti watatu wa mtu aliyefilisika kwa kuwatupia dhahabu dirishani usiku, ili asijulikane ni nani aliyetoa. Yeye aliificha sura yake ili zawadi ionekane. Sisi leo hupiga picha za simu tukimkabidhi mjane pakiti ya unga, kisha tukazisambaza kabla unga haujafika jikoni.

Atakuwako atakayenipinga akisema kwamba usafi na mavazi mema ni namna ya kumheshimu Mungu. Nakubaliana naye kabisa. Kukhu alimheshimu Mungu alipozipangusa nyayo zake kwa majani. Tofauti iliyoko ni hii: yeye alijisafisha kwa ajili ya nyumba ya Mungu, ilhali mimi nilijipamba kwa ajili ya macho ya jirani. Tena tusiigeuze hoja hii kuwa fimbo ya kuwachapia wanawake. Wanaume tumezoea kuwasomea mama na dada zetu maonyo ya Petro juu ya kusuka nywele na kujitia dhahabu, tukijisahau sisi na makoti yetu.

Baada ya Desemba huja Januari, mwezi ambao Wakenya wameubandika jina la Njaanuari, na hapo ndipo hesabu za maonyesho hufanywa. Karo hudaiwa, sare mpya hudaiwa, vitabu hudaiwa. Mimi niliulipa mkopo ule kwa miezi 18. Nyongeza tuliyoitegemea ilikwama njiani, walimu wakagoma tena Oktoba 1998, na suti yangu ilikuwa imekwisha kupauka mabegani ilhali deni lake lingali bichi. Siku hizi mikopo hupatikana kwa kubonyeza simu, na riba yake huanza kuhesabiwa kabla mpishi hajaipua pilau. Ni watoto wangapi ambao hukawia kurudi shuleni kwa sababu wazazi wao walitaka kuonekana siku moja? Mimi sina takwimu, lakini kila mwalimu anayepokea wanafunzi langoni siku ya kwanza ya muhula anao majina kichwani mwake.

Januari ile ya 1998 nilikuwa zamu langoni. Alikuja msichana wa darasa la sita, amevaa kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu wa pili. Kanuni yetu ilikuwa wazi, na katika miaka iliyotangulia nilikuwa nimewarudisha nyumbani wengi kwa makosa madogo kuliko hilo. Aliniona, akasimama, akaanza kugeuka hata kabla sijasema neno. Nilikumbuka matope. Nilimwambia aingie darasani. Hilo si tendo la utakatifu, na silitaji ili nisifiwe. Nalitaja kwa sababu lilikuwa rahisi sana, hata nikajiuliza ni kitu gani kilichonizuia miaka yote ile.

Krismasi iliyofuata nilipanda basi kama watu wengine, nikaenda bomani kwa Kukhu kumwomba radhi. Mvulana alikuwa amejiunga na shule ya upili ya kutwa, naye hakuwapo. Nilimweleza Kukhu habari ya kiti. Alinitazama kwa mshangao, kwa maana hakuikumbuka. "Kanisa si letu sote, mwanangu?" aliniuliza. Alilotaka kujua ni kama yale mayai yalifika salama kwa watoto. Nilimwambia yalifika. Sikuthubutu kumwambia kwamba mawili yalivunjika nilipokuwa nikihangaika kuliokoa gari la watu.

Walimu wenzangu, shule zinapofungwa, tusiwaage wanafunzi kwa kuwahimiza kudurusu tu. Tuwaambie pia kwamba thamani waliyokuwa nayo darasani haitavuliwa pamoja na sare. Nawe mwanafunzi, ikiwa huna vazi la Krismasi mwaka huu, nenda kanisani na hilo hilo ulilo nalo. Kama ni sare ya shule, ifue, uivae. Na wazee wa kanisa mnaokaa milangoni, mgeni mwenye koti mkaribisheni kwa furaha, kisha mtafutieni nafasi mahali palipo na nafasi. Aliyetangulia kuketi aachwe aketi.

Nawatakieni nyote Krismasi njema.